Hesabu za Rangi ya Vitu Vilivyoyeyuka, na Njia za Kupunguza Gharama Yake

Mtu akitia punje ya iodini katika spiriti hupata kimiminiko cha rangi ya hudhurungi, ile ile aijuayo kila aliyepata kupakwa dawa ya iodini jerahani. Akitia punje nyingine katika heksani, kimiminiko chepesi kipatikanacho katika mafuta ya petroli, hupata rangi ya zambarau. Iodini iliyotiwa ni ile ile katika vyombo vyote viwili. Kilichobadilika ni jirani zake, na jirani hao ndio walioipa rangi nyingine. Ziko rangi nyingi za namna hii, na mwaka wa 1922 mwanakemia Arthur Hantzsch alilipa jambo hilo jina lake katika elimu ya kemia.

Siku hizi yawezekana kuibashiri rangi ya kitu kilichoyeyuka kwa hesabu tupu, bila kugusa chupa wala kuwasha taa. Lakini hesabu hizo ni ghali mno. Madhumuni ya makala haya ni kueleza ughali huo watoka wapi, na kwa hila gani wataalamu wameupunguza.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kujitaabisha na hesabu, ikiwa kipimo chenyewe hufanywa kwa dakika chache? Jibu ni kwamba chombo cha kupimia hutuambia rangi, walakini hakituambii sababu yake. Tena kuna vitu ambavyo havijapata kutengenezwa: rangi za kunasa nuru ya jua ili kupata umeme, au molekuli za kutiwa katika chembe hai ili zing'ae mahali fulani. Kutengeneza kitu kimoja cha namna hiyo huweza kula miezi, na mwanakemia angependa kujua kabla ya kuanza kama taabu yake itazaa kitu. Nami naliona jambo la gharama kuwa zito kwa sababu nyingine pia. Gharama ndiyo huamua nani aulize swali na nani asiulize. Chuo chenye ukumbi uliojaa mashine za kuhesabu huuliza kipendavyo. Chuo chenye mashine moja juu ya meza ya mwalimu, na umeme wa kukatika, hakiwezi kuuliza ila yale ambayo hila imeyafanya kuwa rahisi.

Kabla ya kuendelea yafaa tupatane juu ya maneno mawili. Kimiminiko kinachoyeyusha kitu nimekiita kiyeyushi. Spektra ni mchoro uonyeshao kiasi cha nuru kinachomezwa na kitu katika kila urefu wa wimbi. Neno hili nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa kusema "safu ya rangi" kungempoteza msomaji: sehemu kubwa ya spektra nyingi imo katika nuru isiyoonekana kwa jicho, wala haina rangi yo yote.

Mfano nitakaoutumia ni wa kitu kilichotangazwa mwaka wa 1963 na Karl Dimroth, Christian Reichardt na wenzao, katika mji wa Marburg, Ujerumani. Ni rangi iitwayo betaini namba 30. Katika methanoli ni nyekundu, katika ethanoli ni ya urujuani, katika asetoni ni ya kijani. Wimbi linalomezwa zaidi lina urefu wa nanomita 453 katika maji, 516 katika methanoli, 551 katika ethanoli, na 677 katika asetoni. Sidhani kwamba kuna kitu kingine kionyeshacho kwa uwazi kama huu nguvu ya jirani juu ya rangi, na wanakemia wamekitumia tangu wakati ule kuwa kipimo cha viyeyushi.

Sababu yake ni hii. Molekuli ya betaini ina upande wenye umeme hasi, palipo na atomi ya oksijeni, na upande wenye umeme chanya, palipo na atomi ya naitrojeni. Molekuli za kiyeyushi kama maji nazo zina pande mbili za umeme, basi hujipanga kuizunguka betaini kwa namna inayoituliza. Nuru inapomezwa, elektroni huhama kutoka upande hasi kuelekea upande chanya, na tofauti ya pande mbili hupungua. Jirani hawakupata nafasi ya kujipanga upya. Wamekaa kama watu waliotandika jamvi sebuleni, mgeni akaketi uani. Kwa hiyo uhamisho huo hudai nguvu zaidi, na nuru yenye nguvu zaidi ni nuru ya wimbi fupi. Kadiri jirani walivyoituliza betaini kabla ya nuru kufika, ndivyo wimbi linavyofupika.

Maelezo ni mepesi. Hesabu si nyepesi. Mwendo wa elektroni hufuata kanuni aliyoiandika Erwin Schrödinger mwaka wa 1926, na taabu ya kanuni hiyo ni kwamba kila elektroni yategemea elektroni nyingine zote. Kwa hiyo ukubwa wa kazi haulingani na ukubwa wa molekuli, bali huuzidi upesi sana. Katika njia moja isifiwayo kwa usahihi wake, molekuli ikiwa kubwa mara 2 kazi huwa kubwa mara 128: iliyochukua saa 1 yataka siku 5 na saa 8. Njia iliyotokana na kazi ya Walter Kohn na wenzake ya miaka ya 1964 na 1965, ambayo Kohn alipewa kwayo tuzo ya Nobel mwaka wa 1998, ina huruma zaidi. Humo mara 2 huwa mara 8. Mwaka wa 1984 Erich Runge na Eberhard Gross waliipanua iweze kufuata mambo yanayobadilika kwa wakati, na kwa upanuzi huo rangi nyingi huhesabiwa leo.

Sasa tuitie betaini katika tone dogo la maji, tufe lenye nanomita 3 kutoka upande hadi upande. Betaini yenyewe ina atomi 72 na elektroni 290. Tone hilo, baada ya kumpa mgeni nafasi yake, lina molekuli za maji kadiri ya 450, yaani atomi 1,350 na elektroni 4,500. Hata kwa njia ile yenye huruma, kazi imeongezeka mara 4,000 na zaidi, na karibu yote ni ya kuhesabu maji, ambayo rangi yake hatukuiuliza.

Hila ya kwanza basi ilikuwa kuyatoa maji yote. Lars Onsager alionyesha mwaka wa 1936 kwamba kiyeyushi chaweza kufikiriwa kuwa kitu kimoja laini kisicho na chembe, na molekuli yetu kuwa imelala katika shimo ndani yake. Kitu hicho laini hujulikana kwa tarakimu moja tu, inayoeleza ni mara ngapi kiyeyushi hudhoofisha nguvu za umeme: kwa maji ni karibu 78. Mwaka wa 1981 Stanislav Miertuš, Eraldo Scrocco na Jacopo Tomasi waliifanya fikra hiyo kuwa njia ya hesabu yenye shimo la umbo la molekuli yenyewe. Gharama huzidi kidogo tu ile ya molekuli iliyo peke yake. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuitumia, nami sina neno la kuidharau. Maswali mengi yamejibiwa nayo vema.

Lakini tuijaribu kwa betaini. Asetonitrili ina tarakimu 36, na methanoli 33. Kwa njia ya kitu laini viyeyushi hivi viwili ni kama ndugu pacha, na asetonitrili ndiyo yenye nguvu kidogo zaidi. Hesabu itasema rangi ni karibu moja. Kipimo chasema sivyo: katika asetonitrili wimbi ni nanomita 627, katika methanoli ni 516. Tofauti ya nanomita 111 imepotea yote, kwa kuwa methanoli ina jambo ambalo tarakimu ile haina habari nalo. Ina haidrojeni iwezayo kuishika ile oksijeni yenye umeme hasi, kama mkono ushikavyo mkono. Kitu laini hakina mikono.

Hapo pana hatari kubwa kuliko ile ya kukosea waziwazi. Njia za kuhesabu elektroni nazo zina makosa yake, nyingine huvuta wimbi liwe refu, nyingine fupi. Mtu akizijaribu moja baada ya moja, hakosi kuipata mojawapo ambayo kosa lake hufuta kosa la kitu laini, na tarakimu 516 ikatokea. Ataandika kwamba njia yake imepatana na kipimo. Kesho akiipeleka njia hiyo kwa molekuli nyingine, au kwa kiyeyushi kingine, bahati ile haitamfuata. Naona jibu la namna hii ni baya kuliko jibu lililokosea, kwa sababu lililokosea humwonya mwenyewe.

Hila ya pili iliyarudisha maji, ila kwa kuyagawa. Mwaka wa 1976 Arieh Warshel na Michael Levitt, wakichunguza kimeng'enya, waliihesabu sehemu ndogo yenye shughuli kwa kanuni za elektroni, na iliyobaki wakaifanya kuwa vitufe vyenye umeme, vinavyofuata kanuni za mwendo za kale. Kwa kazi hii na nyingine za jamii yake, wao pamoja na Martin Karplus walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2013. Katika tone letu, betaini huhesabiwa kwa uangalifu wote, molekuli chache zilizoishika huhesabiwa pamoja nayo, na zile za mbali huwa vitufe ambavyo gharama yake ni ndogo sana. Mpaka uwekwe wapi? Wengi huuweka pale kompyuta yao inapochoka, jambo ambalo si hoja. Njia ya haki ni kuusogeza mpaka nje hatua kwa hatua, katika picha chache tu, hata uone kwamba rangi haisogei tena. Kwa baadhi ya molekuli husimama mapema. Kwa nyingine sivyo, maana elektroni za jirani nazo huitikia mabadiliko ya mgeni, na kitufe hakiitikii.

Nimesema "picha", na hapa ndipo gharama kubwa zaidi ilipojificha. Kimiminiko hakitulii. Nuru humezwa kwa upesi ambao viini vya atomi havipati nafasi ya kusogea. Hii ndiyo kanuni itokanayo na James Franck na Edward Condon, ya tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo kila molekuli ya betaini iliyomo chomboni humeza nuru kulingana na jirani wake walivyokaa wakati ule ule. Mmoja ameshikwa na mikono mitatu, mwingine na mmoja. Spektra tuionayo, pana kama mlima, ni mkusanyiko wa hao wote. Basi hatuna budi kuiga mwendo wa tone kwa kanuni za kale, kwa hatua za femtosekunde 1 hivi, yaani sehemu moja ya bilioni ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tena njiani tuwe tukichukua picha, na kila picha tuihesabie elektroni zake. Tuseme twataka picha 1,000, na kila moja yala saa 3. Hizo ni saa 3,000, yaani siku 125 za mashine isiyolala.

Akiba ya kwanza hapa haidai elimu mpya, yadai subira tu. Kuutembeza mwendo ni rahisi, kuhesabu elektroni ni ghali. Haidrojeni katika maji hucheza mara moja kwa femtosekunde kama 10, lakini mikono ya maji huachana na kushikana upya kwa muda wa femtosekunde 1,000 na zaidi. Mtu anayechukua picha 1,000 katika muda wa femtosekunde 10,000 amechukua picha zile zile mara nyingi, akalipia kila moja. Afadhali auache mwendo uende mbali, achague picha chache zilizoachana.

Akiba ya pili ndiyo niipendayo zaidi. Kosa la wastani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: ukitaka kulipunguza nusu, sharti uongeze picha mara 4. Hii ndiyo sababu picha huwa nyingi. Sasa fikiri mfanyabiashara mwenye mizani miwili, mmoja wa kweli lakini wa kukodi kwa bei kubwa, wa pili wake mwenyewe, ambao hupunguza. Hahitaji kupima kila gunia kwa ule wa kukodi. Apime yote kwa mzani wake, kisha achukue magunia machache ayapime kwa yote miwili, ajue mzani wake hupunguza kiasi gani, na kiasi hicho akiongeze kwa yote.

Zipo njia za elektroni ambazo ni kama mzani huo mbovu. Mojawapo aliitangaza Stefan Grimme wa Bonn mwaka wa 2013, nayo hufanya kwa muda mfupi sana kazi ambayo njia kamili huichukulia saa nyingi. Tuchukue tarakimu za mfano. Picha 1,000 kwa njia rahisi, dakika 2 kila moja, ni saa 33 na dakika 20. Picha 50 kati ya hizo kwa njia ghali, saa 3 kila moja, ni saa 150. Jumla haitimizi siku 8, badala ya siku 125. Na usahihi je? Tuseme nguvu za nuru zinazotakiwa na picha mbalimbali zimetawanyika kwa elektronivolti 0.15. Picha 50 peke yake zingetupa wastani wenye mashaka ya 0.021. Lakini tofauti baina ya njia mbili, ikiwa imetawanyika kwa 0.03 tu, hujulikana kwa picha 50 kwa mashaka ya 0.004, tukichanganya na mashaka ya zile 1,000, jumla ni kama 0.006. Ili msomaji apate kulinganisha, kosa la 0.1 karibu na nanomita 516 huusogeza wimbi kwa nanomita 22 hivi.

Sharti ni kwamba mzani mbovu uwe mbovu kwa namna moja. Ikiwa njia rahisi hukosea betaini inaposhikwa mkono, na haikosei inapoachwa, tofauti itatawanyika sana na faida itatoweka. Lakini tazama uzuri wake: mtawanyiko huo waonekana katika zile picha 50. Hila hii, tofauti na ile ya kitu laini, humwambia mwenyewe inaposhindwa.

Kutoka hapo hatua ya kuifundisha kompyuta ilikuwa fupi. Mwaka wa 2015 Raghunathan Ramakrishnan, Pavlo Dral, Matthias Rupp na Anatole von Lilienfeld walionyesha kwamba mashine yaweza kujifunza tofauti baina ya njia rahisi na ghali kutokana na mpangilio wa atomi, kisha ikaibashiri kwa mpangilio isiopata kuuona. Badala ya kuongeza kiasi kimoja kwa magunia yote, kila gunia hupewa chake. Watu wengi wamelishangilia jambo hili kwa haki, ila baadhi husahau kwamba mwanafunzi aliyefundishwa katika maji hakufundishwa methanoli. Ukimwuliza atajibu, tena bila kusita.

Kuhusu mashine zenyewe sitasema mengi. Tangu mwaka wa 2008 hivi, Ivan Ufimtsev na Todd Martínez walipoonyesha kwamba vipande vya kompyuta vilivyoundwa kwa michezo ya picha vyaweza kuhesabu elektroni, kazi imekwenda upesi zaidi. Lakini mashine iliyo upesi mara 10, mbele ya kazi ikuayo mara 8 kila molekuli ikuapo mara 2, yakupa tone lililozidi mara 2 na kidogo.

Limebaki jambo moja la sura ya spektra. Kukusanya picha huhesabu viini vya atomi kana kwamba vyafuata kanuni za kale, na kumbe navyo hutetema kwa ngazi, si kwa mteremko. Kwa hiyo molekuli nyingi zina bega upande mmoja wa mlima, nalo bega hilo halitokei katika mkusanyiko wa picha hata ukichukua milioni. Hapa kuongeza kazi hakununui kitu. Mwaka wa 2018 Tim Zuehlsdorff na Christine Isborn walipendekeza kuhesabu mara moja sura itokanayo na ngazi hizo, kama kwamba molekuli imo katika baridi kamili, kisha kuivika kila picha sura hiyo badala ya kuihesabu kuwa mstari mmoja. Upana hutoka kwa jirani, bega hutoka kwa mgeni mwenyewe, na kilichoongezwa katika gharama ni kidogo.

Anayetaka kuijaribu njia yo yote kati ya hizi kwa betaini katika methanoli, na aangalie jinsi anavyochagua zile picha 50 za gharama. Akiziokota kwa bahati nasibu, picha ambazo oksijeni haikushikwa na mkono wo wote zaweza kuwa 2 au hata kukosekana kabisa, na hizo ndizo zenye wimbi refu zaidi. Afadhali azigawe kwanza zile 1,000 kwa hesabu ya mikono iliyoishika oksijeni, achague kutoka kila fungu, fungu dogo alipe picha za kutosha, kisha anapotafuta wastani arudishe kila fungu kwenye uzito wake katika zile 1,000. Kugawa huko hakudai hesabu ya elektroni hata moja; kwataka tu kupima umbali kutoka oksijeni hadi haidrojeni, kazi ambayo kompyuta ndogo huimaliza kabla chai haijapoa.